Kilio cha Kubuni

Kwa miaka sita Amran Waqo alikuwa na riwaya iliyokataa kuvuka sura ya tatu. Aliiandika katika duka lake la kuchapa barua na kutoa kopi, pale Bula Pesa mjini Isiolo, kati ya mteja mmoja na mwingine. Watu waliingia na vitambulisho, barua za kuomba kazi na matangazo ya mazishi. Wakishatoka, alirudi kwenye riwaya yake, akasoma sentensi ya mwisho, akaifuta.

Jumamosi asubuhi alifunga duka na kwenda maktaba, kwenye chumba cha nyuma, ambako watu sita waliotaka kuwa waandishi walikutana. Aliyewaongoza ni Alice, mwalimu mstaafu ambaye zamani alitoa vitabu viwili vya hadithi vya shule za msingi. Kila mmoja alisoma kurasa zake, wengine wakasikiliza, kisha wakasema palipolegea. Kurasa za Amran zililegea kila mahali. Wahusika wake walizungumza vizuri na kuvaa vizuri, lakini ukishafunga daftari humkumbuki hata mmoja.

"Kiswahili unakijua," Alice alimwambia siku moja. "Watu hawa uliowaandika ndio usiowajua. Tafuta mtu unayemjua. Andika kinachouma."

Mwezi huohuo Tari aliingia dukani.

Alikuwa mwanamke mwembamba ambaye hakuwa amefika miaka thelathini, na alitaka kuchapiwa barua ya kumwachia shemeji yake shamba la Rapsu. Rapsu, karibu na Kinna, watu hulima kwa maji ya mfereji, na Amran alijua kwamba hakuna anayeacha shamba la kule hivihivi. Akauliza, kwa mazoea tu ya kazi, aandike sababu gani. Tari aliitazama mashine ya kopi kwa muda, kisha akasema, "Andika mtoto yangu alikufa kwa maji huko."

Barua ilichapwa, ikatiwa sahihi, lakini Tari hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaeleza kwa maneno machache. Binti yake aliitwa Sadia, wa miaka miwili na nusu. Zamu ya maji ilifika kwa kila shamba mara moja kwa siku nane, na siku ya zamu mama alikuwa akifungulia vitunguu maji huku mtoto amelala chini ya mwarubaini. Upande wa juu kulikuwa na bwawa dogo. Alivitaja vitu hivi kimoja kimoja, sauti yake haipandi wala haishuki, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mumewe, Dullo, sasa alikuwa akichunga ngamia wa watu upande wa Garbatulla. Yeye alikuwa amehamia mjini kuuza maziwa ya ngamia sokoni.

Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki. Tari akimaliza kuuza alipita dukani na maziwa kidogo yaliyobaki, wakanywa chai, wakaongea juu ya joto na bei ya nyanya. Sadia hakutajwa tena.

Lakini Amran alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika siku nne mfululizo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sentensi zilikuja bila kusukumwa. Tari akawa Talaso, Sadia akawa Kabale. Mengine yote aliyaacha kama yalivyokuwa: vitunguu, mwarubaini, siku nane, bwawa la upande wa juu. Mwisho wa hadithi Talaso alianguka kando ya mfereji, akagaagaa kwenye matope, akalia mpaka mbuzi wakatawanyika. Sentensi ya mwisho ilimfurahisha Amran hata akaisoma mara tatu kwa sauti: machozi ya mama yakaingia kwenye mfereji, na vitunguu vya Rapsu vikanywa chumvi yake.

Alipoisoma kwenye kikundi, Alice alivua miwani, akaishika mkononi.

"Sasa umeanza," alisema.

Mtu mmoja tu alisita. Lotukoi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ngaremara, alikuwa mzito wa kusema, na akisema alitazama meza. "Mimi nilikuwa na huyu mama mpaka pale alipoanza kulia," alisema. "Hapo sikumwona tena. Nilimwona mwandishi."

"Ulitaka afanye nini?" Amran aliuliza. "Mtoto wake amekufa."

"Sijui. Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza."

Wengine wakamtetea Amran, na Lotukoi hakubishana. Alice akasema hadithi hiyo ndiyo ingefungua mkusanyiko ambao kikundi kilikuwa kikiuandaa, na kwamba Amran angeisoma kwenye siku ya wazi, mwezi wa tatu, mbele ya watu wa mji. Siku hiyo maktaba ilijaa. Walikuja walimu, wafanyabiashara wachache, na wanafunzi wa sekondari waliokaa sakafuni. Amran alisoma taratibu, akafika kwenye kilio, akaona mwanamke mmoja akijifuta macho kwa ncha ya shungi. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba sasa yeye ni mwandishi.

Miongoni mwa wanafunzi waliokaa sakafuni alikuwamo binti wa dada yake Tari.

Jumatatu Tari hakupita dukani, wala Jumanne. Jumatano, baada ya alasiri, alisimama mlangoni bila maziwa.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, dada. Umepotea."

Tari alikaa kwenye benchi, palepale alipokaa siku ya barua. "Nasikia umenisoma kwa watu," alisema.

Amran alianza kueleza kwamba jina si lake, kwamba hadithi ni hadithi, kwamba watu waliguswa, na kwamba hata waliolia walimlilia Sadia bila kumjua. Alipojisikia akilitaja jina hilo alinyamaza.

"Nisomee na mimi," Tari alisema.

"Dada, si lazima."

"Nisomee."

Amran akachukua karatasi. Alisoma, na kila alipofungua ukurasa sauti yake ilipungua. Alisikia mambo ambayo maktaba haikuyasikia. Vile alivyolisifu bwawa kwa maneno mazuri. Vile alivyomvisha mtoto gauni la njano kwa sababu njano ilipendeza ndani ya maji. Alipofika kwenye matope na mbuzi waliotawanyika, Tari aliinua kiganja.

"Huyo nani?"

"Ni Talaso. Ni mama wa hadithi."

"Huyo anagaagaa kwa matope. Mimi simjui." Tari alikunja mikono mapajani. "Mimi sikulia, Amran."

Mteja aliingia na kitambulisho chake. Amran akamwomba arudi baadaye, akarudisha pazia la mlango.

"Walipomtoa kwa bwawa," Tari aliendelea, "shemeji akamfunika na leso. Wakambeba kwenda nyumbani. Mimi nikasikia maji. Nilikuwa nimeacha maji wazi, shamba yangu ilishajaa, sasa inaingia kwa shamba ya jirani, Hirbo. Kitunguu yake ilikuwa imekomaa, imebaki kung'olewa tu. Nikachukua jembe nikarudi. Nikafunga maji. Nikakanyaga udongo mpaka ikashika. Halafu nikaosha jembe." Aliitazama mikono yake. "Nilisimama pale nikaosha jembe, na mtoto yangu amelala nyumbani kwa leso. Mama ya Dullo aliniona. Mpaka leo anasema mimi sina moyo."

"Kama ningejua," Amran alisema.

"Hukuuliza."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angelisema kwa hasira.

"Sasa wewe umewaambia watu nililia," Tari alisema. "Wale wa Rapsu wakisikia, watasema huyu amefika mjini akajitengenezea kilio, anajisafisha. Hata Dullo atasema hivyo. Yeye pia hajui kwa nini nilirudi kwa maji. Hajawahi kuniuliza, anaogopa." Akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Na hii ya jembe nimekuambia leo, usiandike. Hii ni yangu."

Baada ya hapo alipita upande wa pili wa barabara. Wakikutana sokoni walisalimiana, na salamu ikaishia hapo.

Siku ya kumi na mbili, mchana wa joto, duka likiwa tupu, Amran aliandika habari ya jembe. Alijiambia ni zoezi tu, hakuna atakayeisoma. Zilitoka kurasa mbili. Hazikuwa na mbuzi wala chumvi. Mwanamke alirudi shambani, akafunga maji, akakanyaga udongo, akaosha jembe. Amran alijua, kabla hata hajamaliza, kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Akazipeleka kurasa kwa Alice nyumbani.

Alice alizisoma amesimama jikoni, akazisoma tena ameketi. "Hii ndiyo," alisema. "Badilisha kijiji. Vitunguu viwe nyanya. Tuiweke kwenye mkusanyiko badala ya ile nyingine."

"Amenikataza, Mwalimu."

"Atasoma?"

"Hatasoma. Lakini ataambiwa."

Alice aliweka kurasa mezani, akazinyoosha kwa kiganja. "Sikiliza, Amran. Mimi niliandika vitabu viwili, na ndani yake watoto wote ni watiifu na wazazi wote wana busara. Unajua kwa nini? Niliwaogopa watu wangu. Niliogopa mama yangu atasema nini, kanisani watasema nini. Nilikuwa na mambo ya kusema, nikayameza. Sasa nina miaka sitini na saba. Usingoje ruhusa. Ukingoja ruhusa hutaandika kitabu."

Amran alichukua kurasa zake, akaondoka. Aliona kwamba Alice alikuwa akisema kweli, na kwamba kweli hiyo haikumsaidia. Alifika dukani akazisoma tena zile kurasa mbili. Safari hii aliona kilichokosekana. Jembe lilikuwapo, udongo ulikuwapo, lakini mwanamke mwenyewe alikuwa amempa mgongo. Amran hakujua kwa nini Tari alirudi kwenye maji. Alikuwa amebeba kitendo cha mtu mwingine bila kuelewa kilitoka wapi, kama alivyobeba mwarubaini na zile siku nane. Kwenye hadithi ya kwanza alibuni kilio kwa sababu hakujua. Kwenye hii ya pili alikuwa ameiba jembe, na bado hakujua.

Alizifuta kurasa zote mbili. Kesho yake alimwandikia Alice kwamba anaiondoa hadithi yake kwenye mkusanyiko. Alice alikaa wiki nzima bila kujibu, kisha akaandika neno moja, "Sawa." Kitabu kilitoka mwezi wa saba. Wenzake walipiga picha mbele ya maktaba, kila mmoja na nakala yake. Lotukoi alisimama pembeni, akakitazama chake kwa mashaka. Amran aliwapongeza, akarudi dukani.

Miezi miwili hakuandika chochote chake. Alichapa barua za watu.

Barua mojawapo ndiyo iliyomfungua. Kijana alikuwa akiomba kazi ya udereva, na Amran, akichapa anwani, alikumbuka barua nyingine aliyoichapa miaka mitano nyuma. Siku hiyo simu ililia katikati ya kazi. Ilikuwa sauti ya mjomba wake kutoka Garbatulla, ikimwambia kwamba baba amefariki. Yeye alisema, "Sawa." Akaweka simu mezani, akaendelea kuchapa. Alimaliza barua ya mteja, akagundua kwamba jina la kampuni limekosewa herufi moja, akalirekebisha, akatoa nakala mpya, akaibana pini, akamkabidhi. Mteja akamshukuru. Ndipo akafunga duka. Kule matangani alilia kama inavyotarajiwa, na hakumwambia mtu yeyote juu ya ile barua. Alipoikumbuka aliona aibu, akaisukuma mbali.

Sasa hakuisukuma. Alimhudumia kijana, akaketi, akajiuliza kile ambacho hakumuuliza Tari. Kwa nini ulimaliza? Jibu halikuja siku hiyo. Lilimjia pole pole, wiki kadhaa, na lilipokuja halikuwa la kujivunia wala la kujilaumu. Baba yake alikuwa ameshakwenda mahali ambapo hakuna anayeweza kurekebisha kitu. Ile herufi ilikuwa bado inaweza kurekebishwa. Katika chumba kile, saa ile, herufi ndiyo iliyobaki.

Akaanza upya. Hakuanza na Rapsu, wala mtoto wa kike, wala maji. Alianza na barabara ya Garbatulla, ambayo aliijua tangu utoto, na gari lililobeba abiria na magunia, na mwanamke anayeitwa Gumato akiwa na mwanawe wa miaka saba mapajani, homa imempanda, wanampeleka hospitali ya Isiolo. Ndani ya gari hilo kulikuwa pia na mwanamke mwingine, mgeni, ambaye uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Gari likakwama kwenye mchanga wa lagha, ule mto usio na maji. Huko ndiko mtoto wa Gumato alikokata roho, mama yake akiwa peke yake anayejua.

Amran alikaa na Gumato pale kwenye mchanga miezi mitatu. Hakutafuta tena sentensi za kupendeza. Aliuliza. Gumato anajua nini ambacho dereva hajui? Akisema, gari litafanya nini? Litageuza kurudi kijijini na maiti, maana ndivyo watu wanavyofanya, na yule mgeni? Kidogo kidogo aliona kwamba Gumato hatasema. Atamfunika mwanawe shuka kama aliyelala, atamlaza kwenye kiti, atashuka na wengine kuokota mawe na matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Atasukuma gari. Mtu atamuuliza, "Kijana anaendeleaje?" naye atajibu, "Amepata usingizi."

Alizipeleka kurasa kwa Lotukoi, kule Ngaremara, siku ya Jumapili. Lotukoi alizisoma zote kwenye darasa tupu.

"Amekula lini?" aliuliza mwishoni.

"Nani?"

"Gumato. Ameokota mawe saa nzima kwenye jua. Tangu asubuhi amekula?"

Amran hakuwa ameliwazia hilo. Alirudi nyumbani akaliwazia, na akaona kwamba katika mfuko wa Gumato mlikuwa na maandazi mawili aliyomnunulia mwanawe, ambayo mtoto alishindwa kula. Akaona kwamba Gumato, baada ya kusukuma, atakula moja. Ilimchukua siku mbili kuandika Gumato akila lile andazi. Alipomaliza aliinama juu ya meza ya duka, akakaa hivyo mpaka mteja alipogonga kaunta.

Kabla ya kuzipeleka kurasa kwa Alice, kabla ya Jumamosi yoyote, alikwenda sokoni. Ilikuwa karibu saa tano asubuhi. Tari alikuwa ameketi na wenzake nyuma ya madumu ya maziwa, kitambaa cheupe kimefunika kikombe cha kupimia.

"Salaam aleikum, dada Tari."

"Aleikum salaam."

"Nimeandika kitu kingine. Si wewe. Hakuna kitu chako ndani, na ile uliyonikataza sijaiweka. Nataka ukisikie kwanza. Ukisema kisiendelee, naacha."

Tari alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima maziwa yasizidi. Kisha akasogeza dumu moja, akampa nafasi.

Amran alisoma kwa sauti ya chini, soko likiwazunguka. Mara mbili alikatizwa na wanunuzi, na mara zote mbili Tari aliwapimia maziwa, akapokea pesa, akarudi, akasema, "Endelea." Gari likakwama. Mtoto akakata roho. Gumato akashuka kuokota mawe. Mwanamke mmoja wa maziwa aliyekuwa karibu aliacha kuongea na mwenzake. Amran alisoma Gumato akijibu kwamba kijana amepata usingizi, akasoma andazi, akasoma gari likitoka mchangani na watu wakishangilia, na Gumato akipanda tena na kumpakata mwanawe. Gari likafika Isiolo, likasimama mbele ya mlango wa hospitali, wauguzi wakamkimbilia yule mwenye uchungu. Kurasa ziliishia hapo.

Tari alikuwa akikunjua kile kitambaa cheupe na kukikunja tena.

"Yule mwingine alizaa salama?" aliuliza.

"Alizaa. Mvulana."

"Anajua?"

"Bado hajui. Labda atajua baadaye. Sijafika huko."

Tari aliitikia kwa kichwa. "Huyu Gumato," alisema, "watu watasema hana moyo."

"Watasema. Mama mkwe wake atasema. Lakini msomaji alikuwa naye garini."

"Ni kweli. Mimi nilikuwa naye." Akakikunja kitambaa mara ya mwisho, akakiweka juu ya kikombe. Macho yake yalikuwa makavu, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Umemwacha pale mlangoni. Wote wamekimbilia yule mwingine. Yeye bado ako ndani ya gari na mtoto. Nani anakuja kumpokea?"

Amran alitazama ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameuona mlango, wauguzi, machela. Hakuwa amemwona mtu yeyote akirudi kwenye gari.

"Sijui," alisema. "Kwako wewe, angekuja nani?"

Tari aliwaza. Mnunuzi alisimama mbele yao na chupa yake, naye akamwonyesha kwa mkono angoje.

"Mwanamke mzima," alisema. "Asiwe daktari. Labda anafagia hapo. Asimuulize kitu, asimwambie pole. Apande tu kwa gari akae kando yake. Akae mpaka yeye mwenyewe aseme, mchukue."

Amran aligeuza ukurasa wa mwisho upande mtupu, akaanza kuandika. Tari akachukua chupa ya mnunuzi, akafungua dumu, akaanza kupima.